Jicho Lionalo Mara ya Pili

Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Methali hii, msomaji wangu, bila shaka umepata kuisikia shambani na nyumbani, na pengine umeiandika katika daftari lako la insha. Lakini sidhani kama umepata kuisikia ikitajwa katika darasa la sanaa. Huko ndiko nitakakoipeleka leo. Maana katika miaka yangu ya kufundisha, lalamiko nililolisikia kuliko mengine yote si kwamba kazi ni ngumu, bali ni kwamba hakuna kitu cha kufanyia kazi. Mmoja husema, "Mwalimu, sina rangi." Wa pili husema, "Mwalimu, karatasi nzuri imekwisha." Na wa tatu, ambaye malalamiko yake ni mazito kuliko ya wenzake, husema, "Mwalimu, fikira haijanijia."

Kabla sijamjibu huyo wa tatu, hapana budi nikiri kosa langu mwenyewe. Si haki mtu kukaa akahukumu kazi za wengine ikiwa yeye hajathubutu kusimama kizimbani hata mara moja.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili tangu nitoke chuo cha ualimu, nami nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya pwani. Niliwaagiza wanafunzi wangu walete kazi ya mikono juu ya ndege wa kwao. Karibu wote walileta picha walizochora. Mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, alileta shakwe aliyemkata kwa kisu katika ndara kuukuu, zile kandambili ambazo bahari huzitapika ufuoni kila maji yanapojaa. Kiwiliwili kilikuwa cha buluu iliyopauka kwa jua na chumvi. Mdomo ulikuwa kipande chekundu. Bawa moja lilikuwa limekatwa mahali ambapo mwenye ndara alikuwa akikanyaga, na alama za vidole vyake vitano zilikuwa zimebonyea pale pale, wazi kama muhuri.

Nilimtazama ndege huyo kwa muda usiozidi kupepesa jicho. Kisha nikasema, "Hizi ni takataka. Nenda ukazitupe, halafu uchore kwenye karatasi kama wenzako." Mvulana alitii. Alimtia shakwe wake katika pipa lililokuwa mlangoni, akarudi kitini, akachora ndege. Ulikuwa ni ndege wa kila mtu, asiye na nchi wala bahari. Nami nikampa alama nzuri.

Imenichukua miaka mingi kujua nilichokitupa siku ile. Waliponifundisha hawakuwa walimu wa chuoni, bali ni kazi za watu watatu: kichwa cha fahali kilichotengenezwa Paris, filamu ya mchezo wa mawimbi iliyotengenezwa na Mmarekani, na mapazia ya vifuniko vya chupa yaliyoshonwa Nigeria. Mwishoni nitakurudisha kwetu, Lamu, kutazama chombo kimoja. Nifuate taratibu, njia ni ndefu, lakini haipotezi.

Watu wengi hudhani kwamba ilhamu ni kama mvua. Hunyesha ikitaka, na ikikataa mtu hana la kufanya ila kukaa barazani na kutazama mawingu. Mimi nasema kwamba ilhamu ni kama maji ya kisima. Maji yamo ardhini tayari, chini ya miguu ya tajiri na maskini. Anayeyapata ni yule aliyeinama akachimba. Na jembe la kuchimbia kisima hiki ni jicho. Simaanishi jicho lile linalotazama kitu mara moja likakipa jina na kupita, kama langu lilivyofanya siku ile darasani. Namaanisha jicho linalorudi kutazama mara ya pili, baada ya jina la kitu kusahauliwa kidogo.

Lakini, msomaji, si kila kilichookotwa jalalani huwa sanaa kwa kuwa kimeokotwa. Mhakiki anahitaji kipimo, kama mwuza nguo anavyohitaji fimbo ya kupimia. Nakupa maswali matatu. La kwanza: je, kitu cha zamani bado kinaonekana ndani ya kipya? La pili: je, kitu kipya kimesema jambo ambalo kile cha zamani, peke yake, hakikuweza kulisema? La tatu, nalo ndilo gumu: je, msanii amemwona mtu aliyekuwa na kitu hicho kabla yake? Shika maswali haya mkononi, tuanze safari.

Pablo Picasso alizaliwa Malaga, Hispania, mwaka 1881, akafa Ufaransa mwaka 1973. Mwaka 1942 alikuwa akiishi Paris, mji uliokuwa chini ya jeshi la Ujerumani tangu mwaka 1940. Ilikuwa miaka ya dhiki. Petroli ilikuwa adimu, na watu wengi walikwenda kwa baiskeli. Shaba nayo ilitafutwa kwa bidii hata sanamu nyingi za mjini ziliteremshwa kutoka mahali pake zikayeyushwa. Fikiria basi hali ya mtu ambaye kazi yake ni kutengeneza sanamu, naye anaona sanamu za waliomtangulia zikipelekwa motoni.

Picasso mwenyewe alisimulia kwamba katika rundo la vitu vilivyochakaa aliona kiti cha baiskeli kilichozeeka na usukani ulioanza kutu, na kabla hajapata nafasi ya kufikiri, viwili hivyo vikaungana akilini mwake vikawa kichwa cha fahali. Alikisimamisha kiti, ncha yake nyembamba ikatazama chini, kikawa uso. Akauweka usukani juu yake, ukawa pembe. Basi, kazi ikawa imekwisha. Hakuongeza jicho wala sikio wala pua.

Tuulize maswali yetu. Kitu cha zamani kinaonekana? Kinaonekana kabisa. Ukitazama unaona baiskeli. Ukitazama tena unaona fahali. Ukitazama mara ya tatu unaviona vyote viwili, na jicho lako halipati pa kutulia. Hapo ndipo ilipo furaha ya kazi hii. Lau Picasso angevifunika vitu hivyo kwa udongo na rangi, tungeona fahali mmoja zaidi, na mafahali wa sanamu duniani ni wengi. Kimesema jambo jipya? Naam. Kimetuambia kwamba hata katika mji ulionyang'anywa shaba, mkono wa mtu hauwezi kunyang'anywa kazi yake, maadamu jicho lipo.

Kwa swali la tatu sina alama nyingi za kumpa. Aliyekikalia kiti kile miaka na miaka, akakichakaza kwa safari zake, hayumo katika sanamu. Kazi hii ni kama kitendawili kizuri: hukufurahisha mara unapokitegua, lakini baada ya kukitegua hakikuachii mengi ya kufikiri. Hata hivyo Picasso alipata kusema jambo lililonifanya nimsamehe. Alisema kwamba angefurahi ikiwa siku moja kichwa chake cha fahali kingetupwa jalalani, akaja mtu akakiokota, akaona kwamba kinafaa kuwa usukani wa baiskeli yake. Msanii anayeweza kuiombea kazi yake mwisho wa namna hiyo ni mtu aliyejua kwamba vitu hupita mikononi mwetu kwa zamu.

Sasa tutoke mjini twende baharini. Utaniuliza: filamu ya mchezo wa mawimbi ina uhusiano gani na vitu vilivyotupwa? Subiri kidogo.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu huingia baharini na ubao mrefu, huungoja wimbi, na linapofika husimama juu ya ubao akateleza nalo hadi karibu na ufuo. Wenyeji wa visiwa vya Hawaii walikuwa mabingwa wa mchezo huu kabla Wazungu hawajafika huko mwaka 1778. Katika karne ya 20 mchezo ulienea California, na vijana wenye kamera wakaanza kuutengenezea filamu, ambazo walizionyesha katika kumbi ndogo za miji ya pwani. Mmoja wao alikuwa Bruce Brown, aliyezaliwa mwaka 1937 na kufariki mwaka 2017.

Filamu yake iliyojulikana kuliko zote ni The Endless Summer, maana yake kiangazi kisichokwisha. Mwishoni mwa mwaka 1963 Brown aliwachukua vijana wawili, Robert August na Mike Hynson, wakaizunguka dunia wakitafuta mawimbi: Senegal, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Australia, New Zealand, Tahiti na Hawaii. Hakuwa na waigizaji, wala majumba ya kuchorwa, wala jeshi la mafundi. Maneno unayoyasikia ni sauti yake mwenyewe, akisimulia kwa utani kama mtu anayewaonyesha jirani zake picha za safari.

Tazama sasa fikira iliyoibeba filamu hii. Kaskazini kunapokuwa na baridi, kusini huwa kiangazi. Kwa hiyo mtu akiwa na nafasi na nauli, anaweza kulifuata jua pande zote za dunia asikutane na baridi kamwe. Je, ni siri? La. Jambo hili limo katika kila kitabu cha jiografia, nawe umelifanyia mtihani. Mamilioni ya wanafunzi wamelikariri wakalitupa mara tu walipotoka chumba cha mtihani. Brown aliliokota. Hapo ndipo uhusiano ulipo, msomaji. Vitu vinavyotupwa si ndara na vizibo pekee. Fikira nazo hutupwa, na maarifa nayo hutupwa. Nalo wimbi ni mali isiyo na mwenyewe, ambayo huja na kuvunjika bure mbele ya macho ya kila mtu.

Wenye biashara ya filamu hawakuamini kwamba watu wakaao mbali na bahari wangependa kitu hiki. Brown akaipeleka filamu yake Wichita, mji wa jimbo la Kansas, katikati ya Marekani, mbali na kila bahari, tena katika majira ya baridi. Watu wakaijaza nyumba. Mwaka 1966 ikaonyeshwa New York na kusambazwa kwingi, na mwaka 2002 ikatiwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa niaba ya taifa la Marekani. Tangazo lake la ukutani, lililochorwa na John Van Hamersveld, lilifuata njia ile ile ya kuokota: lilianza kama picha ya kamera ya watu watatu ufuoni, naye akaipunguza, akaondoa nyuso na mikunjo ya nguo, hadi watu wakabaki vivuli tu katikati ya waridi kali, rangi ya chungwa na manjano. Kupunguza nako ni kuumba. Wanafunzi wengi hawalijui hilo, hudhani picha huwa nzuri kwa kuongezwa.

Basi nimeisifu filamu, na sifa zake ni haki yake. Inavuka swali la kwanza na la pili. Lakini katika swali la tatu inaanguka, tena inaanguka katika bara letu.

Vijana wale wanapofika Ghana, filamu inawaonyesha wenyeji kama watazamaji wanaoshangaa na kushangilia, na utani wa msimulizi unawafanya waonekane watu wasiojua mambo. Ukiitazama bila habari nyingine utadhani kwamba mchezo wa mawimbi uliletwa pwani ile katika begi la wasafiri. Kumbe katika miaka ya 1830, zaidi ya miaka 100 kabla ya kamera ya Brown, msafiri mmoja aliandika kwamba aliwaona wavulana wa Accra wakiogelea baharini na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakingoja wimbi na kurudi nalo pwani. Wavuvi wa pwani hiyo nao wamekuwa wakiyavuka mawimbi kwa mitumbwi yao vizazi na vizazi, kazi isiyotaka ujuzi mdogo. Maarifa yalikuwapo, na wenye maarifa walikuwa wamesimama mbele ya kamera. Jicho lililoweza kuona kiangazi kisichokwisha halikuweza kumwona mtu.

Afrika Kusini mambo yalikuwa mazito zaidi. Wakati huo fukwe za nchi ile ziligawanywa kwa sheria, weupe huku na weusi kule. Filamu inatuonyesha mawimbi mazuri mno ya Cape St. Francis, yakijikunja moja baada ya jingine katika ufuo usio na watu. Lakini ubaguzi wa rangi inaugusa kwa mzaha tu, kisha inapita. Simlaumu mtu kwa kutengeneza filamu ya furaha. Furaha ni haki ya sanaa. Ninachosema ni kwamba jicho la msanii likizoea kuchagua la kuona, laweza kuzoea pia kuchagua la kutoona, na mhakiki mwaminifu hana budi kuyataja yote mawili. Uzuri wa wimbi haufuti kosa, wala kosa halifuti uzuri wa wimbi.

Wakati vijana wale walipopita Ghana, alikuwako katika nchi hiyo kijana mwingine wa miaka 19 hivi, ambaye hakuna kamera iliyokuwa ikimtafuta. Jina lake El Anatsui, aliyezaliwa Anyako mwaka 1944. Alisomea sanaa Kumasi, na mwaka 1975 akaenda Nigeria kufundisha katika chuo kikuu cha Nsukka. Kwa hiyo naye ni mwalimu kama mimi, ijapokuwa jicho lake na langu ni mbali kama mbingu na ardhi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, karibu na Nsukka, Anatsui aliokota mfuko uliojaa vifuniko vya chupa za pombe kali, vile vya bati jepesi lenye rangi na majina. Hakuharakisha. Alikaa navyo kwa muda, akavigeuza, akavitazama. Kisha akaanza kuvipondaponda na kuvikunja, akavitoboa, akaviunga kwa nyuzi za shaba kimoja kwa kimoja. Vifuniko vikawa mamia, mamia yakawa maelfu, na wasaidizi wengi wakashika kazi pamoja naye. Kilichotoka ni kitu kama pazia kubwa, au kama nguo ya fahari ya kente, lenye dhahabu na wekundu na weusi, linaloning'inia na kukunjamana ukutani. Anatsui huwaachia wanaolitundika walikunje wapendavyo, hata kazi moja huweza kuwa na sura nyingine katika kila nyumba inakokwenda. Mbili za mwanzo, zilizopewa majina yenye maana ya nguo ya mwanamume na nguo ya mwanamke, zimo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Mwaka 2015 katika maonyesho ya Venice alitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya kazi ya maisha yake yote.

Hapa, msomaji, maswali yetu yote matatu yanapata jibu. Ukiwa mbali unaona nguo ya mfalme. Ukisogea unaona vifuniko, na ukisogea zaidi unasoma majina ya pombe. Na hapo ndipo moyo unaposhtuka. Pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizileta pwani ya Afrika Magharibi, na kwa bidhaa kama hizo watu walinunuliwa wakapelekwa ng'ambo utumwani. Kwa hiyo kila kifuniko ni kinywa kidogo. Kinamtaja aliyeifungua chupa jana katika baa ya Nsukka, na kinamtaja aliyeuzwa kwa ajili ya chupa karne nyingi nyuma. Msanii hakuandika hata neno moja. Alishona tu, na mshono ukasema.

Je, kazi hii haina kasoro? Ninayo moja ya kuitaja, tena kwa heshima. Uzuri wake ni mwingi hata mtazamaji mvivu anaweza kusimama mbali, akasifu dhahabu, akaenda zake bila kusogea karibu. Lakini huenda kosa hilo ni la miguu ya mtazamaji, si la mikono ya mshonaji.

Nilikuahidi kukurudisha kwetu. Mwaka 2018, katika mwezi wa Septemba, dau la ajabu liliteremshwa majini huko Lamu. Lilipewa jina la Flipflopi. Urefu wake ni kiasi cha mita 9, na halikuundwa kwa mbao, bali kwa taka za plastiki zilizookotwa, kiasi cha tani 10. Plastiki iliyeyushwa na kufanywa magogo na mbao, kisha mafundi wakiongozwa na Ali Skanda, fundi wa Lamu, wakayachonga na kuyaunga kwa ustadi ule ule walioupokea kwa wazee wao. Nje wakalivika ngozi ya ndara zilizokatwakatwa, zinazokaribia 30,000, hata likawa na rangi kama shamba la maua. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilitweka tanga likasafiri kiasi cha kilomita 500 hadi Unguja, likitia nanga njiani ili watu waone na kujifunza.

Wapo watakaosema kwamba dau hili ni la kufundishia usafi wa bahari, wala si sanaa. Mimi nasema lipimwe kama mengine. Ndara zinaonekana bado, hakuna aliyezificha. Jambo jipya limesemwa: kwamba kitu kilichokuwa kikiiua bahari kimegeuka kuwa kitu cha kuipita juu yake. Na wenye mali ya kale wameonwa, kwa maana mbili. Ndara ni zetu sisi sote tulizozitupa, na sanaa ya kuunda madau ni ya mafundi wa Lamu, ambao hapa hawakusimama pembeni kama watazamaji. Wao ndio walioshika shoka na patasi. Lilinganishe dau hili na filamu tuliyoitaja, nawe utaona tofauti bila mimi kuongeza neno.

Siku nilipoiona picha ya dau hilo kwa mara ya kwanza, sikutazama tanga wala mlingoti. Nilitazama ndara. Nikamkumbuka shakwe.

Sasa nimjibu yule mwanafunzi wa tatu, aliyesema kwamba fikira haijamjia. Ndugu yangu mdogo, fikira haiji, huendewa. Chukua kitu kimoja tu kilichotupwa na watu wa nyumbani mwako: kopo, kipande cha wavu, kifuniko, kurasa za kalenda ya mwaka uliopita. Kiweke mbele yako siku tatu usikifanye lolote. Siku ya kwanza utaona jina lake. Siku ya pili utaona umbo lake. Siku ya tatu, ukiwa na subira, utamwona aliyekitumia. Hapo ndipo uanze kazi, usianze kabla. Na utakapoimaliza jiulize maswali matatu, bila kujihurumia. Kopo lililopakwa rangi na kutiwa ua la plastiki huenda likapendeza mezani, lakini kama linaona haya kuwa kopo, wala halisemi neno, wala halimkumbuki mtu, basi ni kopo lililovaa nguo ya kuazima. Kuokota ni mwanzo wa kazi. Tena ni mwanzo ulio rahisi.

Nakuomba jambo moja zaidi, maana nawe siku moja utakuwa mzazi, au mwalimu, au mkubwa wa mtu mahali fulani. Atakapokuja mdogo wako na kitu mkononi, kitu usichokijua jina lake, usiwe na haraka ya kukipa jina. Neno "takataka" ni jepesi kutamka, lakini halirudi mdomoni likishatoka. Mvulana yule aliendelea kusoma darasani mwangu hadi mwisho wa mwaka. Alichora kila nilichomwagiza, kwenye karatasi, kwa penseli, kama wenzake. Wala hakuniletea tena kitu alichokiokota. Kisha jamaa zake walihama, nami sikupata kumwomba radhi.

Ningelipewa nafasi ya kusahihisha kazi ile upya, ningeuliza swali la kwanza nikajibu: naam, ndara inaonekana. Ningeuliza la pili nikajibu: naam, kitu kilichotupwa na bahari kimeruka juu ya bahari. Na kwa swali la tatu nisingeandika kitu. Ningeweka kidole changu juu ya lile bawa, mahali palipokuwa na alama za vidole vitano vya mtu nisiyemjua, nikakaa kimya.